SIMU YA MKONONI NA HEDSETI YA RUBANI: KWA NINI HAVISIKILIZANI



Katika mikutano yetu ya mwambao huu wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge na Kashikishi mpaka kwa wenzetu wa mashamba ya chai upande wa Kawambwa, kuna swali moja linaloulizwa mara kwa mara. Linaulizwa na wasagaji wa unga, na mafundi wa jenereta, na vijana wanaoendesha boti za injini, na hali kadhalika wenzetu waliovuka kutoka upande wa Pweto kuja kutafuta kazi huku. Swali lenyewe ni hili: "Rubani wa ndege hukaa karibu kabisa na injini, naye anasikia kila neno analoambiwa. Sisi simu tunazo. Je, haiwezekani mtu akachukua ile hedseti ya rubani, akaiunga na simu yake ya mkononi, akaongea kazini bila ya kupiga kelele?"

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, na marubani wenyewe hufanya hivyo. Lakini haiwezekani kwa kuunga waya kwa waya tu, na atakayejaribu hivyo atapoteza fedha zake bure. Jibu refu lina faida zaidi, kwa sababu ndani yake mna jambo linalohusu masikio yetu sote tufanyao kazi penye kelele. Nitaeleza hatua kwa hatua. Umeme wa vyombo hivi si uchawi. Mtu aliyesoma shule ya msingi anaweza kuuelewa vizuri akielezwa taratibu.

RUBANI HAVUI KITU MASIKIONI

Tuanze na marubani wa sehemu zetu. Kaskazini-mashariki ya ziwa letu yako mabwawa ya Mweru wa Ntipa. Mahali hapo, pamoja na bonde la Rukwa huko Tanzania, ni miongoni mwa mazalio makuu ya nzige wekundu. Balaa la nzige lililoanza yapata mwaka 1930 na kuendelea hadi 1944 lilitoka katika mabonde hayo, likala mashamba ya sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa ikweta. Ndiyo sababu mwaka 1949 liliundwa shirika la kimataifa la kupambana na nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala. Shirika lililoirithi kazi hiyo lina makao yake Ndola.

Kazi ya nzige hufanywa kwa ndege ndogo na helikopta. Rubani huruka chini chini juu ya matete akitafuta makundi, kisha huyanyunyizia dawa kabla hayajahama. Mwaka 2009, huko Katavi, Rukwa na Malagarasi nchini Tanzania, nzige wekundu walinyunyiziwa dawa iitwayo Green Muscle, iliyotengenezwa kwa kuvu anayeua nzige, katika eneo la karibu hekta 10,000.

Sasa mfikirie rubani huyo akiwa kazini. Injini iko hatua chache tu kutoka miguuni pake, na upepo unapiga vioo. Kelele ndani ya ndege ndogo za aina hiyo mara nyingi hufika desibeli 90 au kupita, yaani kama ndani ya nyumba ya mashine ya kusaga, au chigayo kama tunavyoita huku. Hata hivyo hana budi kusikia: aambiwe upepo unavuma wapi, ndege nyingine iko wapi, kundi la nzige limeonekana wapi. Naye hasikii kwa kuvua kinga ya masikio yake. Sauti ndiyo inayoletwa ndani ya kinga.

Shika neno hilo, ndugu msomaji. Sauti hupelekwa ndani ya kinga. Kinga haivuliwi ili kuifuata sauti. Baadaye tutaona kwamba haki hiyo aliyonayo rubani ndiyo anayoikosa mfanyakazi wa kinuni.

HEDSETI YA RUBANI IKOJE

Hedseti ni chombo kimoja chenye kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kuzuia kelele. Vikombe viwili vyenye mito laini hufunika masikio yote mawili, na upinde wa chuma huvibana kichwani. Vikombe vizuri hupunguza kelele kwa desibeli 20 hadi 25 hivi. Zipo na hedseti zenye betri ambazo hufanya zaidi. Ndani ya kikombe mna chombo kidogo kinachopima kelele iliyopenya, kisha kinatoa sauti iliyo kinyume chake, na zile sauti mbili zinauana. Kampuni ya Bose ya Marekani ilianza kuwauzia marubani hedseti za namna hiyo mwaka 1989. Dawa hiyo hufaa hasa kwa mngurumo mzito wa injini. Kwa mlio mkali wa chuma kugonga chuma, kikombe na mto wake ndivyo vinavyofanya kazi.

Kazi ya pili ni kuleta sauti ya redio masikioni, kwa spika ndogo iliyomo ndani ya kila kikombe.

Kazi ya tatu ni kuchukua sauti ya rubani kwa maikrofoni iliyo kwenye mkono mwembamba mbele ya mdomo. Maikrofoni hii ina ujanja wake. Ina matundu mbele na nyuma. Kelele ya injini, kwa kuwa inatoka mbali, huingia pande zote mbili kwa nguvu sawa, na kwa hiyo inajisukuma yenyewe na kufa. Sauti ya rubani, kwa kuwa inatoka karibu, huingia zaidi upande mmoja, nayo hupita. Ndiyo maana rubani huiweka karibu kugusa midomo. Ukiisogeza mbali kidogo, ujanja wote umekwisha, na mtu wa upande wa pili atasikia injini tu.

Kutoka kwenye hedseti unashuka waya wenye plagi mbili. Plagi ya masikio ina unene wa milimita 6.35. Plagi ya maikrofoni ni nyembamba kidogo, milimita 5.23. Unene huo umetofautishwa ili mtu asiweze kuzibadilisha kwa haraka au gizani. Helikopta nyingi hutumia plagi moja tu yenye sehemu nne, na umeme wa baadhi ya hedseti zake si ule wa ndege za kawaida. Kwa hiyo hata hedseti ya helikopta na hedseti ya ndege hazibadilishani hivi hivi, licha ya simu.

ZAMANI WALIKUWA NDUGU

Hapa kuna jambo la kushangaza. Zamani simu ya mezani na redio ya ndege zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zilitumia maikrofoni ya kaboni. Hicho kilikuwa kikopo kidogo kilichojaa punje za makaa. Umeme ulipitishwa ndani ya punje hizo. Mtu aliposema, sauti yake ilizibana na kuziachia punje, na umeme ukapita kwa wingi au kwa uchache kufuatana na maneno. Haikuhitaji mtambo wa kuikuza sauti, kwa sababu maikrofoni yenyewe ilitoa nguvu nyingi. Ilichotaka ni kulishwa umeme wa kutosha.

Siku hizi maikrofoni za kaboni zimepitwa na wakati. Lakini ndege hudumu miaka mingi; ndege iliyotengenezwa miaka ya 1960 inaweza kuwa inaruka hata leo. Watengenezaji hawakutaka kubadilisha redio zote. Wakatengeneza maikrofoni mpya, iliyo bora, wakaitilia ndani kikuza sauti kidogo ili ijifanye kama ile ya kaboni. Kwa hiyo maikrofoni ya rubani wa leo bado hudai chakula kile kile cha babu yake: umeme wa volti 8 hadi 16 kutoka kwenye redio.

Simu ya mkononi ilishika njia nyingine. Betri yake ni ndogo, na kila kitu ndani yake kimepunguzwa. Maikrofoni ya waya wa simu hulishwa volti 2 hivi tu, tena kwa kubanwa. Ndivyo ndugu hao wawili walivyoachana, na leo wakikutana hawaelewani.

UKIUNGA WAYA KWA WAYA

Tuseme fundi wa sokoni amekata plagi mbili za rubani, akafunga plagi moja ya simu yenye milimita 3.5. Plagi hiyo ya simu imegawanyika sehemu nne: sikio la kushoto, sikio la kulia, waya wa pamoja, na maikrofoni. Fundi ameunga kila waya mahali panapoonekana ni pake. Litatokea nini?

Jambo la kwanza: utamsikia mwenzako, lakini kwa mbali. Fikiria tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo, na mpira wa kuteremshia maji. Volti ni urefu wa nguzo. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni wembamba wa mpira. Spika za simu zina omu 16 hadi 32, yaani mpira mpana. Spika za hedseti ya rubani zina omu 150 hadi 600, nyingi zikiwa karibu na 300, yaani mpira mwembamba sana. Tangi la simu ni lile lile fupi. Kwa volti zile zile, spika ya omu 300 hupata nguvu ambayo ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile inayopata spika ya omu 32. Sauti itakuwepo, ila ni ya kunong'ona, na penye mashine kunong'ona hakusaidii.

Jambo la pili: mwenzako hatakusikia wewe kabisa. Maikrofoni inangoja volti 8, simu inaipa 2. Ni kama kumpa mpagazi kijiko kimoja cha uji halafu kumwambia abebe gunia.

Jambo la tatu: fundi akiamua kuilisha maikrofoni hiyo kwa betri ya pembeni bila ya kitu kingine, atatoka kwenye njaa na kuingia kwenye mafuriko. Maikrofoni ya rubani ikishiba hutoa mamia ya milivolti. Simu inangoja milivolti chache. Sauti itapasuka, na mwenzako atasikia mikwaruzo badala ya maneno. Baya zaidi, ule umeme wa betri ukiachiwa njia utaingia kwenye simu yenyewe na unaweza kuiharibu.

Jambo la nne: hedseti nyingi za rubani zina plagi ya sikio moja, yaani masikio yote mawili husikia sauti moja, wakati simu hutoa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Plagi ya sauti moja ikisukumwa kwenye tundu la sauti mbili, sikio la kulia hugusishwa moja kwa moja na waya wa pamoja, na huo ni mzunguko mfupi.

Basi ndiyo maana tunasema kwamba kati ya simu na hedseti ni lazima pawepo mkalimani.

NJIA TATU ZILIZO SAWA

Njia ya kwanza ni hedseti iliyotengenezwa na Bluetooth ndani yake tangu kiwandani. Hizo zilianza kuenea kwa marubani mwishoni mwa miaka ya 2000. Hedseti ya Bose A20, kwa mfano, ilitoka mwaka 2010. Rubani huiunganisha na simu bila ya waya. Mkalimani yumo ndani tayari. Tena ziko zilizopangwa hivi kwamba redio ikianza kusema, sauti ya simu hushuka yenyewe.

Njia ya pili ni kutumia intakomu ya ndege. Ndege nyingi zina kisanduku kinachounganisha hedseti zote za waliomo, na baadhi ya visanduku hivyo vina tundu la kuchomekea simu. Hapo hedseti hubaki mahali pake, na kisanduku ndicho kinachofanya ukalimani.

Njia ya tatu ni adapta, yaani kisanduku kidogo cha kati. Upande mmoja kina matundu mawili ya plagi za rubani, upande wa pili kina waya wa simu au Bluetooth. Ndani yake, hata kikiwa kidogo, mna vitu vinne: umeme wa kuilisha maikrofoni, kipunguza nguvu cha kuishusha sauti mpaka kiwango cha simu, kapasita ya kuzuia umeme wa betri usifike kwenye simu huku sauti ikipita, na kikuza sauti au transfoma ya kuipa nguvu sauti ya masikioni. Mwenye kuuziwa adapta isiyokuwa na betri wala mahali pa kuchajia aulize vizuri umeme wa maikrofoni unatoka wapi.

Kwa ufupi, kabla hujatoa fedha uliza haya: hedseti ni ya ndege au ya helikopta? Umeme wa maikrofoni unatoka wapi? Simu ina tundu la milimita 3.5, au ni zile mpya zenye tundu la chaji tu? Mito ya vikombe bado ni laini, au imekauka na kupasuka? Mto uliokauka huacha upenyo, na kelele hupita penye upenyo kama maji. Hata miwani yenye mikono minene huacha upenyo.

SIMU HAICHUKUI NAFASI YA REDIO

Pengine msomaji atauliza: ikiwa simu inaungika, rubani ana haja gani na redio? Ana haja kubwa. Redio za ndege husema katika masafa ya megahezi 118 hadi 137, na akisema mmoja, wote walio karibu katika masafa hayo husikia. Marubani wawili wanaokwenda uwanja mmoja hujuana kwa njia hiyo. Masafa ya megahezi 121.5 yamewekwa kwa ajili ya hatari. Simu ni mazungumzo ya watu wawili. Wa tatu hajui lolote. Aidha minara ya simu imeelekezwa kwa watu walio chini, si walio angani, na nchi nyingine zimekataza simu za mkononi kupigwa ndege ikiwa hewani. Marekani iliweka katazo hilo mwaka 1991. Kwa hiyo faida kubwa ya kuunga simu iko chini: rubani aliye kwenye uwanja mdogo usio na mnara wa kuongoza ndege anaweza kutoa taarifa na injini inanguruma, bila ya kuvua hedseti.

Simu pia ina kero yake. Bila shaka umewahi kusikia redio ya nyumbani ikifanya "tri-tri-tri" muda mfupi kabla ya simu kulia. Simu za GSM hurusha mawimbi kwa vipande vipande, mara 217 kwa sekunde, na waya wowote ulio karibu huvidaka vipande hivyo. Waya wa hedseti nao hudaka. Ndiyo maana adapta nzuri hufunikwa kwa chuma ndani, na simu huwekwa mbali kidogo na waya wa maikrofoni.

HESABU YA MASIKIO YETU

Sasa tushuke kutoka angani turudi kinuni.

Desibeli hazihesabiki kama kilo. Kila zikiongezeka 3, nguvu ya kelele huwa mara mbili. Kwa hiyo muda wa kukaa penye kelele bila kinga hukatwa nusu kila mara. Kipimo cha taasisi ya NIOSH ya Marekani, kinachofuatwa na wataalamu wengi, kinasema hivi: desibeli 85, saa 8. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 91, saa 2. Desibeli 94, saa 1. Desibeli 97, dakika 30. Desibeli 100, dakika 15 tu kwa siku nzima.

Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2005 za kuzuia kelele kazini ziliweka mwisho wa desibeli 90 kwa saa 8, kipimo ambacho ni kilegevu kidogo kuliko hicho.

Tuchukue mfanyakazi mmoja aliye penye mashine ya desibeli 100. Amepewa vikinga masikio vinavyopunguza 25. Akivivaa vizuri, masikio yake hupata 75, na huyo hana hatari. Lakini kazi yake ina simu. Msimamizi anapiga kuuliza magunia mangapi yametoka. Mteja anapiga kuuliza foleni. Fedha za simu zinaingia, na ni lazima athibitishe. Kila ikilia anavua kikinga, anabana simu sikioni, anaziba sikio la pili kwa kidole, anapiga kelele. Tuseme simu 20 kwa siku, kila moja dakika 3. Hizo ni dakika 60. Muda wa salama kwenye desibeli 100 ni dakika 15. Amepita kipimo mara 4, ingawa amevaa vikinga saa 7 kati ya 8. Ukipiga hesabu ya siku nzima, kile kikinga cha desibeli 25 kimefanya kazi ya 9 tu.

Hesabu hiyo niliiona kwa macho kabla sijaijua kwa namba. Katika kiwanda kimoja nilichofanya kazi, vikinga masikio viligawiwa, saini zikawekwa, na daftari likafungwa. Lakini amri zote za zamu zilikuja kwa simu, na asiyepokea mara ya kwanza alikatwa. Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku ndiye aliyekuwa mpokeaji. Leo watoto wake wakimwita kwa nyuma hageuki, na kanisani hukaa mbele kabisa lakini nyimbo huanza naye hajui. Alipolalamika aliambiwa kwamba vikinga alipewa. Ni kweli alipewa. Alichonyimwa ni njia ya kuvivaa huku akifanya kazi aliyotumwa.

Uziwi wa kelele hauna dawa. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Tena hauumi, huja kidogo kidogo, na mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Dalili zake ni mlio masikioni baada ya zamu, kuwaambia watu "sema tena", na kuzidisha sauti ya redio nyumbani.

TUDAI NINI

Hatusemi kila msagaji wa Kashikishi anunuliwe hedseti ya rubani. Hedseti hiyo ni ghali, imetengenezwa kwa ndege, na vumbi la unga litaimaliza mapema. Tunasema kanuni yake ifuatwe: sauti iletwe ndani ya kinga, au kazi ya kusikiliza ihamishwe mahali penye utulivu. Zipo njia kadhaa, za gharama na za bure.

Kwanza, viwanda vyenye uwezo vinaweza kununua vikinga masikio vya viwandani ambavyo vina maikrofoni na Bluetooth ndani yake. Vinatengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo hasa, na havihitaji adapta. Sauti yake iwekwe juu kidogo tu ya kelele iliyopenya. Anayeipandisha mpaka mwisho amegeuza kinga kuwa kelele nyingine. Wala visitumiwe kwa muziki penye mashine, maana king'ora na sauti ya mwenzako anayeomba msaada havitasikika.

Pili, pasipo na fedha hizo, simu ya kazi ikae ofisini au nje ya ukuta, na mtu mmoja aipokee. Anayehitajika aitwe kwa taa au kwa kuguswa bega.

Tatu, simu iliyo mfukoni iwekwe kwenye mtetemo, na majibu ya kawaida yatumwe kwa ujumbe wa maandishi. Magunia mangapi yametoka ni swali linaloweza kungoja dakika tano.

Nne, asiadhibiwe mtu kwa kutopokea simu akiwa penye mashine. Sharti hilo liandikwe katika mapatano, lisibaki la mdomo.

Kipimo cha kujua kama kelele ni ya hatari hakihitaji chombo. Simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Ikiwa huna budi kupaza sauti ili akusikie, mahali hapo pana desibeli 85 au zaidi, na mwajiri hana budi kuleta mpimaji. Hapa Zambia, Sheria ya Afya na Usalama Kazini namba 36 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi aunde kamati ya afya na usalama kazini. Kamati hiyo ndiyo mahali pa kulipeleka jambo hili. Msiende mikono mitupu. Hesabuni kwa wiki moja simu zinazopokelewa penye mashine, dakika zake, na nani aliyepiga. Andikeni kwenye daftari. Namba hizo, zikiwekwa kando ya ile orodha ya saa na desibeli, zitazungumza mbele ya mwajiri kuliko malalamiko ya mwaka mzima.

Rubani hakupewa hedseti kwa sababu masikio yake ni bora kuliko yetu. Alipewa kwa sababu asiposikia, ndege huanguka na watu wote huona. Mfanyakazi wa kinuni asiposikia, hakuna kinachoanguka mbele ya macho ya watu. Anapunguka yeye peke yake, polepole, nyumbani kwake. Kazi ya chama ni kuufanya upungufu huo uonekane kabla haujatokea. Anzeni kuhesabu Jumatatu.